Beleshi la mwanafunzi na hesabu ya mwenye nyumba

Mama tuliyekuwa tukimjengea alikuwa na tabia moja iliyonishangaza siku ile ya kwanza. Kila tulipomaliza mfuko wa saruji aliuokota, akaukung'uta, akaukunja mara mbili na kuuweka kwenye rundo lake kando ya msingi. Nilidhani anapenda usafi. Jioni, wakati sisi tunapanga mstari wa kupiga picha, nikamsikia akimwuliza fundi kwa sauti ya chini: "Fundi, ukuta huu ulitakiwa ule mifuko mingapi?" Fundi akamtajia. Mama akalitazama rundo lake, akanyamaza. Mifuko ilikuwa imezidi mitatu.

Mitatu ile tuliila sisi. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanane, tumeshushwa na basi la chuo, fulana mpya za rangi moja, nguvu za kumwaga. Tulipoonyeshwa namna ya kuchanganya mchanga na saruji tukaona tumepata kazi, basi tukachanganya. Tukachanganya tena. Ukutani walikuwepo mafundi wawili tu, na fundi ana kasi yake; hawezi kupanga matofali haraka zaidi eti kwa kuwa nyuma yake kuna vijana kumi na wanane wenye hamu. Saruji nayo ikishaonja maji haimsubiri mtu. Mchanganyiko uliokaa juani kwa zaidi ya saa mbili umekwisha habari yake. Fundi alipolifikia rundo la tatu aliligusa kwa ncha ya mwiko, likameguka vipande. Mwenzetu mmoja akakimbilia ndoo ili alilainishe. Fundi akamzuia, akamweleza kuwa ukilirudishia maji litalainika kwa macho tu, nguvu haitarudi. Likachotwa kwa toroli na kumwagwa shimoni.

Hakuna aliyetukemea, na hilo lilinisumbua baadaye kuliko kukemewa. Tulikuwa wageni wa hisani, na mgeni wa hisani hakosolewi. Lakini mama alihesabu, kwa sababu nyumba ile haikuwa zawadi. Angeilipa.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanaojiandikisha kwa kazi hii hupotea njia kabla hata ya kushika beleshi. Wanaamini wanakwenda kugawa nyumba. Habitat for Humanity, shirika linalojulikana zaidi duniani kwa kazi ya aina hii, halikuanzishwa kugawa nyumba. Mizizi yake iko Koinonia, shamba la jumuiya ya Kikristo katika jimbo la Georgia, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1942 na Clarence Jordan na wenzake. Weusi na weupe waliishi na kulima pamoja pale, katika miaka ambayo kufanya hivyo kuliwaletea risasi usiku na kususiwa na wafanyabiashara mchana. Mwaka 1965 wakafika Millard Fuller, mwanasheria aliyekuwa milionea kabla ya kutimiza miaka 30, na mkewe Linda, wakiwa wameamua kuuza mali zao ili kuiokoa ndoa yao. Mwaka 1968 Jordan na Fuller wakabuni mfuko wa fedha wenye kanuni rahisi: nyumba iuzwe bila faida, mkopo usiwe na riba, na marejesho ya kila mwezi yaingie mfukoni ili yajenge nyumba ya mtu mwingine. Jordan aliandika kwamba maskini hawahitaji sadaka bali mtaji, wala hawahitaji wa kuwasimamia bali wa kufanya nao kazi. Mwaka uliofuata akafariki.

Mwaka 1973 familia ya Fuller ikahamia Mbandaka, kwenye Mto Kongo, nchi ikiitwa Zaire wakati huo, wakakaa miaka mitatu wakiujaribu mfumo ule nje ya shamba lao. Waliporudi Georgia mwaka 1976, katika mji wa Americus, ndipo wakaanzisha shirika. Hilo huwa napenda kulitaja kwa wanaodhani kila kitu katika kazi hii kilisafiri kutoka kaskazini kwenda kusini. Mfumo ulipikwa kando ya Kongo kabla haujapewa jina na nembo.

Leo masharti yanatofautiana nchi kwa nchi, lakini uti wa mgongo ni uleule. Familia huchaguliwa kwa vigezo vitatu: uhitaji wa makazi, uwezo wa kulipa mkopo nafuu, na utayari wa kushirikiana, yaani kutoa jasho. Mara nyingi jasho hilo ni mamia ya saa, kwenye nyumba yao wenyewe na kwenye nyumba za majirani watakaofuata. Sasa ukiitazama hesabu hiyo, nafasi ya mwanafunzi inaonekana bila pambo. Kazi ya bure inapunguza gharama ya ujenzi. Gharama ikipungua, mkopo unapungua. Kwa hiyo mwanafunzi ni ruzuku inayotembea kwa miguu. Thamani yake kwa siku ni ujira wa saidia fundi ambao mradi haukulazimika kulipa, ukitoa alichoharibu, ukitoa muda ambao fundi ameutumia kumfundisha badala ya kujenga. Siku ile, kwa sisi kumi na wanane, nina hakika hesabu ilitoka hasi. Tulimwongezea mama deni, kisha tukapiga naye picha.

Najua neno hasi linawaudhi watu. Nimewahi kulisema kwenye kikao cha chama chetu cha chuo, na dada mmoja akanijibu kwamba naua moyo wa kujitolea. Sina nia hiyo. Nataka tu tuache kujidanganya kuhusu kitu gani hasa tunachokitoa, kwa sababu anayejidanganya hapo huchagua kazi isiyofaa, siku isiyofaa na idadi ya watu isiyofaa.

Chukua suala la idadi. Mafundi wawili wanahitaji wasaidizi wanne, pengine watano. Mmoja anachanganya, wawili wanabeba, mmoja anapitisha matofali, mmoja anachota maji. Wa sita anaanza kusimama, na kijana anayesimama kwenye eneo la ujenzi ni hatari kwa kichwa chake na kwa subira ya fundi. Chuo hakipeleki watano. Basi lina viti vingi, na kila kiti kitupu kinaonekana hasara. Idadi inapangwa na basi badala ya ukuta. Halafu kuna umri: nchini Marekani Habitat huwaruhusu vijana kuingia eneo la ujenzi kuanzia miaka 16, na walio chini ya 18 hawapandi paa wala hawagusi mashine za umeme. Kanuni ya maana kabisa. Lakini maana yake ni kwamba katika kundi la vijana wa sekondari, sehemu nzito ya kazi haiwahusu, na mradi unabaki kubuni vitu vya kuwashughulisha. Nimeona ukuta ukipakwa rangi uliokwisha kupakwa rangi.

Safari za mbali ndizo mbaya zaidi. Baada ya kimbunga Mitch kuiharibu Honduras mwaka 1998, makundi mengi ya wajitoleaji kutoka Amerika ya Kaskazini yalisafiri kwenda kujenga nyumba, huku nyumba nyingine zikijengwa na Wahonduras wenyewe kupitia mashirika ya hapohapo. Msomi Kurt Ver Beek, aliyekuwa akiishi huko, alizilinganisha na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Nyumba moja iligharimu takriban dola 2,000. Kundi moja la wageni lilitumia, kwa wastani, takriban dola 30,000 kusafiri na kukaa. Ni nyumba kumi na tano zilizogeuka tiketi za ndege. Waliojengewa na wageni na waliojengewa na wenyeji hawakuonyesha tofauti ya maana katika maisha yao baadaye.

Watetezi wa safari hizo wana jibu, na si jibu dhaifu: fedha ile ya nauli isingepatikana kabisa bila safari. Hakuna mzazi anayetoa dola 1,500 kwa ajili ya tofali la mtu asiyemjua, lakini atazitoa mwanawe akitaka kwenda. Na mtoto akirudi amebadilika, atatoa maisha yake yote. Nusu ya kwanza naikubali. Nusu ya pili Ver Beek aliichunguza pia, kwa kufuatilia michango ya waliosafiri, na hakukuta mabadiliko makubwa ya kudumu. Waliamini wamebadilika, lakini kumbukumbu za michango yao hazikuonyesha kitu kikubwa.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu hauna mwanafunzi hata mmoja ndani yake. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila, Mexico, lilianza mpango wa kuweka sakafu za saruji kwenye nyumba zenye sakafu ya udongo. Lori la zege lilifika mlangoni, familia ikiwa imekwisha kutoa vyombo nje na kusawazisha chini, kisha wenyewe wakalitandaza. Hadi meta za mraba 50 kwa nyumba. Watafiti walipolinganisha na familia za mji jirani ambao haukuwa kwenye mpango, wakakadiria kwamba kubadili sakafu yote ya udongo kuwa ya saruji kulipunguza maambukizi ya vimelea kwa watoto kwa asilimia 78 na kuharisha kwa asilimia 49. Mama zao walikuwa na furaha zaidi na msongo mdogo zaidi. Hakukuwa na fulana wala basi. Lori lilipita, na watu walijua kutumia beleshi.

Je, basi mwanafunzi abaki bwenini? Hapana, na hapa naachana na wenzangu wanaodhani kejeli inatosha. Ipo taasisi iliyozaliwa na wanafunzi, na tathmini zake ziko wazi. Mwaka 1997 kundi la vijana wa chuo nchini Chile, pamoja na padri Mjesuti Felipe Berríos, lilikwenda Curanilahue, kusini mwa nchi. Walijenga kanisa dogo, kisha wakaona kwamba kanisa peke yake katikati ya vibanda haliwatoshi, wakaanza nyumba za dharura. Leo shirika hilo linaitwa TECHO na linafanya kazi katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini na Kati. Nyumba yake ni kijumba cha mbao cha meta za mraba 18, kinachosimamishwa na vikosi vya wajitoleaji wanne hadi wanane pamoja na familia. Hakina bafu, hakina jiko, hakina bomba. Wakati wa tathmini kilikuwa kikigharimu chini ya dola 1,000, na familia ilitoa asilimia 10.

Tazama kwanza muundo wa nyumba. Mbao zimekatwa tayari kwa vipimo, kipande kwa kipande, ili mtu asiyejua kitu aweze kuviunganisha bila kuharibu. Aliyeibuni alikiri tangu mwanzo kwamba wajenzi wake hawajui kujenga. Na kikosi hakizidi watu wanane, hakijai hata basi dogo. Watafiti waliochunguza El Salvador, Mexico na Uruguay walikuta familia zinaridhika zaidi na nyumba zao na maisha yao, na katika nchi mbili afya ya watoto ilipanda. Hawakukuta kwamba familia zilipata kazi zaidi au mali zaidi. Ahadi kubwa tunazoziweka kwenye mabango yetu, kwamba nyumba inavunja mnyororo wa umaskini, hazikujitokeza. Kilichojitokeza ni kwamba mtu akilala pakavu anapata nafuu. Mimi naona hiyo inatosha kabisa, na sielewi kwa nini matangazo yetu hayawezi kusema hivyo tu.

Tofauti kubwa zaidi ni kwamba wale vijana wa Chile walibaki. Waliokuwa wakipiga misumari mwaka wa kwanza ndio waliokuja kupanga, kuchangisha, kubishana na manispaa. Vyama vya vyuo vya Habitat, ambavyo cha kwanza kilianza mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, vina nafasi hiyohiyo, na vingine vinaitumia vizuri. Lakini tangu 1989 kuna pia mtindo wa kutumia wiki ya likizo: unakwenda, unajenga siku tano, unarudi darasani. Wiki ina mvuto wake. Tatizo ni kwamba mtu asiyejua kazi hujifunza Jumatatu na Jumanne, huanza kufaa Jumatano, hufaa kweli Alhamisi, na Ijumaa ni sherehe ya kuagana. Wiki ijayo linakuja kundi jipya, na fundi anaanza tena: hii ni timazi, hii ni pima maji, mwiko unashikwa hivi.

Fundi mmoja aliwahi kuniambia, akicheka, kwamba kwa miaka mingi amekuwa mwalimu wa darasa la kwanza ambalo halipandi la pili.

Ndiyo maana Jimmy Carter hunivutia kwa sababu tofauti na wengi. Watu husifu kwamba rais mstaafu alishika nyundo. Mimi nasifu kwamba aliirudia. Alianza mwaka 1984 katika jengo la ghorofa sita huko New York, na mwaka 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani, akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho, kisha akaenda Nashville kujenga vilevile. Miaka 35 katikati. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuonyeshwa timazi. Na tukiwa wakweli, angeweza kuanza akiwa hajui chochote, kwa nia ya kutafuta sifa tu, na kufikia mwaka wa kumi angekuwa tayari ni saidia fundi wa kutegemewa. Nia ya siku ya kwanza sina shida nayo. Anayekuja kwa ajili ya kujaza wasifu wake wa kazi, karibu. Swali langu ni kama atakuja Jumamosi ijayo.

Vyuo vinavyodai saa kadhaa za kujitolea kabla ya cheti vinaharibu hapa bila kujua. Saa zikishatimia, fomu ikishapigwa muhuri, mwanafunzi anaondoka akiwa ndiyo kwanza ameanza kuwa na faida. Kama lazima pawe na sharti, ningependa lihesabu marudio: afadhali nusu siku mara kumi na mbili, mahali pamoja, chini ya fundi yuleyule.

Na afadhali zaidi nusu ya nyakati hizo zisiwe na beleshi kabisa. Nyumba hukwama mahali pasipopigwa picha. Hukwama kwenye hati ya kiwanja, kwenye ramani isiyoidhinishwa, kwenye fomu ya mkopo ambayo mwombaji ameijaza nusu akaogopa kuuliza, kwenye duka la vifaa ambalo lingetoa mabati kwa bei nafuu kama mtu angekwenda mara tatu kuomba. Hizo ndizo kazi ambazo mwanafunzi anazijua kweli: kusoma nyaraka, kuandika barua, kupanga majedwali, kuganda mlangoni pa ofisi hadi ajibiwe. Wa sheria, wa uhasibu, wa upimaji ardhi, kila mmoja ana kitu ambacho fundi hana. Tunawachukua vijana hao, tunawavua wanachokijua, na kuwapa kitu ambacho hawakijui. Sababu yake si siri: jedwali halipendezi kwenye picha.

Katika kusaka kupendeza kuna jambo la kuchekesha. Desemba 2002, kule Alabama, nyumba ya Habitat ilisimamishwa kwa saa 3, dakika 26 na sekunde 34, ikavunja rekodi ya New Zealand ya mwaka 1999 iliyokuwa saa 3 na dakika 44. Ni burudani, na ilileta fedha, sina ugomvi nayo. Ila nikifikiria ukuta wetu ule wa kwanza nakumbuka kwamba zege halijali shangwe. Ili likomae linataka kumwagiliwa maji kwa siku saba angalau, kila siku, asubuhi na jioni jua likiwa kali, na wahandisi hulipima nguvu siku ya 28. Basi letu lilikaa siku mbili.

Kazi hiyo ya maji hatukuambiwa, wala hatukuuliza. Niliigundua kwa bahati. Siku ya nne mimi na mwenzangu mmoja tulirudi kufuata pima maji ya chuo tuliyoisahau. Tulimkuta mama peke yake, amefunga kitambaa kichwani, anamwagilia lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, kwa kopo, kopo baada ya kopo, kwa sababu mpira wa maji haukufika. Rundo la mifuko mitupu lilikuwa pale pale, sasa limewekewa jiwe juu lisipeperuke. Alitusalimia, akauliza masomo yanaendaje. Kisha akaniangalia mikono, akaona sijashika kitu, akanipa ndoo.

"Upande wa nyuma bado haujapata," akasema.